Nani Aliamua? Wasomaji Wauliza Kuhusu Kamati za Shule na Serikali za Mitaa

Kila mwanzo wa mwaka, shule zinapofunguliwa, safu hii hupokea barua nyingi za wazazi. Safari hii tumechagua tano, tumezifupisha, na tumeondoa majina ya waandishi pamoja na ya shule na vijiji vyao, kwa sababu karibu wote wangali wanaishi jirani na wale wanaowalalamikia. Nchi ni tofauti na hali ni tofauti, ila jambo moja linajirudia: mwandishi alipata habari za uamuzi wakati uamuzi umekwisha kupita. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye maswali mawili ambayo viongozi wengi hawapendi kuulizwa: ni kikao gani kiliamua, na muhtasari wake uko wapi?

SWALI: Mimi ni mkulima mkoani Morogoro, na watoto wangu watatu wanasoma shule ya msingi ya serikali. Shule zilipofunguliwa tulitangaziwa kwamba kila mwanafunzi alete shilingi 15,000 za madawati na za mlinzi, na ambao hawakuleta wakarudishwa nyumbani. Nilipouliza niliambiwa kwamba "kamati ilishakaa". Je, elimu si bure tena? Na mimi nisiye mjumbe wa kitu chochote nina nafasi gani ya kusema?

Mama, tuanze na lile lisiloweza kungoja kikao. Watoto wako warudi darasani kesho asubuhi, na uende nao wewe mwenyewe. Utaratibu wa elimumsingi bila malipo ulitangazwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ukaanza kutekelezwa Januari 2016, kisha ukafafanuliwa kwa Waraka Namba 3 wa mwaka huo. Ada na michango ya lazima viliondolewa. Mzazi akabakiwa na sare, madaftari na kalamu, matibabu ya mtoto wake, na chakula cha anayesoma kutwa. Januari 2018, malalamiko yalipozidi, Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, na ikaelekezwa kwamba mwenye moyo wa kuchangia apeleke mchango wake kwa mkurugenzi wa halmashauri badala ya kumkabidhi mwalimu. Kuchangia kwa hiari hakukukatazwa, wala hakujawahi kukatazwa. Kinachokatazwa ni kumwadhibu mtoto kwa deni la mzazi, na mwalimu mkuu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu hiyo anajua kwamba anakwenda kinyume na maelekezo ya wizara, hata kama tangazo lilisomwa na mwenyekiti wa kijiji.

Sasa tuje kwenye "kamati ilishakaa". Kamati ya shule ni chombo halali kilichowekwa chini ya Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978, na mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Kazi yake ni kusimamia shule kwa niaba ya jamii, na katika kazi hiyo inaweza kupendekeza kwamba wazazi wachangie. Haina mamlaka ya kutoza watu kama inavyofanya mamlaka ya mapato. Pendekezo lake lilipaswa kuletwa mbele ya wazazi, na kwa jambo linalogusa kijiji kizima, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Hapo ndipo kosa lilipo katika maneno yako, mama, pale unapojiita mtu asiye mjumbe wa kitu chochote. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu huo ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na wewe ni mjumbe wake kwa kuwa tu ni mkazi na ni mtu mzima. Hukuhitaji kuchaguliwa.

Unachohitaji ni kuuliza kwa maandishi. Andika barua fupi kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya shule na kwa mtendaji wa kijiji, ukiomba mambo matatu: muhtasari wa kikao kilichopitisha mchango, idadi ya wazazi waliohudhuria, na taarifa ya mapato na matumizi ya shule ya mwaka uliopita. Usiandike neno la shutuma hata moja, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukijibiwa kwa mdomo, shukuru, kisha ukumbushe kwamba unasubiri jibu la maandishi. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Namba 6 ya mwaka 2016 inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30, lakini kwa uzoefu wetu ni busara kutoitaja katika barua ya kwanza. Ikae kwa ajili ya barua ya pili.

Kwa nini tunasisitiza mapato na matumizi? Kwa sababu serikali hupeleka shuleni ruzuku ya uendeshaji, ambayo kwa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 zikibaki ngazi ya juu serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikiingia kwenye akaunti ya shule. Piga hesabu: shule ya wanafunzi 600 inapata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi, na humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, matengenezo madogo, michezo na gharama za ofisi. Ukiishika hesabu hiyo utakwenda mkutanoni ukiwa na mambo mawili kichwani. La kwanza, una haki ya kujua fedha hizo zilikwendaje. La pili, na hili wazazi wengi hawataki kulisikia, fedha hizo hazitoshi kumlipa mlinzi, na si kila mwalimu mkuu anayeomba mchango ni mwizi. Huenda ukimaliza kusoma taarifa ukaona kwamba mchango una sababu. Hapo hoja yako mkutanoni itakuwa kiasi, muda wa kulipa, msamaha kwa kaya zisizoweza, na nani ashike stakabadhi, na hoja hizo ndizo huubadilisha uamuzi kuliko kelele za kukataa kila kitu.

Jambo la mwisho kwako. Ukitishiwa faini kwa kutochangia, uliza faini hiyo imo katika sheria ndogo ipi. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, lakini ni lazima wananchi wasikilizwe kwanza katika mkutano mkuu na halmashauri ya wilaya iidhinishe. Faini iliyotamkwa tu chini ya mwembe haina nguvu. Na ikiwa mkutano mkuu, ambao kwa kawaida hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, haujaitishwa kwa muda mrefu, peleka malalamiko kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na upande wa shule umwone afisa elimu kata. Ofisi ya mkurugenzi ije baada ya hao. Ukiwaruka, faili lako litarudishwa kwao na utakuwa umepoteza miezi.

SWALI: Nilichaguliwa na wazazi kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Nilifurahi sana. Tangu hapo naitwa pale tu panapokuwa na karatasi ya kusaini. Mwaka jana shule ilipokea fedha za kujenga madarasa, nikatajwa kuwa katika kamati ya mapokezi ya vifaa, nami sijawahi kuona hata mfuko mmoja wa saruji ukishushwa. Nikikataa kusaini nitaonekana mkorofi, tena mimi ni mwanamke peke yangu mle ndani. Nifanyeje?

Dada yetu, barua yako ndiyo iliyotusumbua zaidi, kwa kuwa inaeleza hali ambayo imekuwa mazoea mahali pengi. Miaka ya karibuni fedha nyingi za ujenzi, zikiwemo za mradi wa BOOST kwa shule za msingi na wa SEQUIP kwa sekondari, zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na kazi kufanywa na mafundi wa maeneo hayo badala ya makandarasi wakubwa, utaratibu ambao mafundi na walimu wanauita fosi akaunti. Mpango huo umejengwa juu ya kamati tatu za wananchi na walimu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Moja huamua kinachohitajika, nyingine hununua, na ya tatu huhesabu kilicholetwa kabla ya mzabuni kulipwa. Zimetenganishwa makusudi ili asiwepo mtu mmoja anayeagiza, anayepokea na anayelipa.

Kwa hiyo saini yako ina uzito kuliko unavyoambiwa. Unaposaini hati ya mapokezi unathibitisha kwamba wewe, kwa macho yako, umeona mifuko ile. Siku mkaguzi atakapokuja na kukuta nondo zilizoandikwa hazilingani na zilizomo kwenye jengo, hataulizwa aliyekushawishi, ataulizwa aliyesaini. Tunakueleza hivyo si kwa kukutisha. Hoja hiyo hiyo ndiyo ngao yako, kwa sababu inakupa namna ya kukataa bila kumshutumu mtu. Mwambie mwalimu mkuu, kwa heshima na ikiwezekana mbele ya mjumbe mwingine: "Mwalimu, mimi sina tatizo na kusaini, naomba tu niitwe gari la vifaa linapofika ili nisaini nilichokiona." Ni ombi ambalo mtu mwenye nia njema hawezi kulikataa, na mwenye nia mbaya atapata shida kulijibu.

Anza daftari lako. Ukiitwa, andika tarehe, aina ya kifaa, idadi, na namba ya gari. Kwenye vikao vya kamati, omba kila mara muhtasari wa kikao kilichopita usomwe na kuthibitishwa kabla ya ajenda mpya; kanuni hiyo inajulikana hata katika vikundi vya kufa na kuzikana, na haina budi kufuatwa shuleni. Ukikuta muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika, usisaini, na utamke hivyo kikaoni ili iandikwe. Ikiwa baada ya hayo unaona dalili za wizi, TAKUKURU (taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa Tanzania) wana ofisi wilayani na simu ya bure namba 113, na ufuatiliaji wa miradi ya namna hii ni sehemu ya kazi zao.

Kuhusu kuwa mwanamke peke yako: sheria inaweka nafasi za wanawake katika halmashauri ya kijiji, lakini kuhesabiwa na kusikilizwa ni mambo mawili. Wanawake waliofanikiwa katika kamati za aina hii, kwa tuliyoyaona, mara nyingi hawakuanza kwa hotuba. Walizungumza na wajumbe wawili watatu kabla ya kikao, mmojawapo mzee anayeheshimika, wakakubaliana nani atoe hoja na nani aiunge mkono. Wanaume hufanya hivyo kila siku kijiweni na hakuna anayewaita wakorofi.

SWALI: Nina miaka 24, naishi Mwanza mjini. Nataka kugombea uenyekiti wa mtaa, lakini nimeambiwa lazima nianze kwa balozi wa nyumba kumi. Pia nasikia uchaguzi wenyewe "una wenyewe". Je, kuna maana ya kujaribu?

Kijana wetu, tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe mwaka 1992, balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, yaani CCM. Hayumo katika ngazi za serikali. Ukitaka kugombea kupitia chama hicho utapita kwake. Kwa chama kingine, humhitaji. Unachokihitaji kwa vyovyote ni chama, kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi, na umri wa miaka 21, ambao umekwisha kuutimiza.

Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila miaka mitano. Wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024, kwa hiyo unaofuata unatarajiwa mwaka 2029. Kumbuka kwamba orodha ya wapiga kura wake huandikishwa upya mtaani na ni tofauti na Daftari la Kudumu. Mwaka 2024 watu walioringia kadi zao za mpiga kura walifika kituoni wakakuta hawamo. Kuhusu "wenyewe", hatutakudanganya. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa na vyama vikubwa vikasusa. Mwaka 2024 malalamiko ya kuenguliwa yalijirudia, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za uenyekiti wa vijiji na mitaa. Wengi walienguliwa kwa kasoro za kujaza fomu. Hilo halituambii kama kuenguliwa kulikuwa kwa haki, ila linatuambia kwamba fomu ijazwe na watu wawili, ikaguliwe na wa tatu, na rufaa iwe imekwisha kuandikwa nusu kabla ya majina kubandikwa, maana muda wake ni mfupi mno.

Je, kuna maana? Kwa maoni yetu ipo, lakini usiuchukulie mwaka 2029 kama ndiyo mlango pekee. Hudhuria mikutano ya mtaa kuanzia sasa. Mara nyingi vijana hawaji kabisa, na kijana mmoja anayekuja akiwa amesoma taarifa iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo huombwa kuwa katibu wa kamati fulani kabla mwaka haujaisha. Nenda usikilize Baraza la Madiwani, ambalo vikao vyake vya kawaida viko wazi kwa wananchi ingawa hutaruhusiwa kuchangia. Utajua ndani ya nusu siku nani husoma makabrasha na nani hungoja posho.

SWALI: Ninaandika kutoka Kilifi, Kenya. Katika shule ya upili ya umma anakosoma binti yangu, tulifika mkutano mkuu wa mwaka tukaambiwa kwamba bodi imeshapitisha ada ya ziada ya basi la shule. Nimeongea na mwakilishi wetu wa wadi akasema atalifuatilia. Je, bodi inaweza kufanya hivyo bila wazazi?

Ndugu, mwakilishi wa wadi ni mtu mwema kukuahidi, ila shule za upili haziko chini ya kaunti. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Hata Bodi ya Elimu ya Kaunti, licha ya jina lake, ni chombo kilichowekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kufanya kazi na wizara ya elimu. Huko ndiko malalamiko yako yanakopaswa kwenda.

Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinasema shule ya umma haitatoza karo ya masomo, na kwamba malipo mengine yanaweza kuwekwa kwa idhini ya Waziri akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, kwa sharti kwamba mtoto asikataliwe kuhudhuria shule kwa kutolipa, na kwamba risiti rasmi itolewe. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwalimu mkuu ni fupi: idhini ya ada ya basi iko wapi? Uamuzi wa bodi pekee hautoshi, wala makofi ya wazazi kwenye mkutano mkuu.

Tena, katika Bodi ya Usimamizi mnao watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya hapo. Wazazi wengi hawawezi kumtaja hata mmoja wao. Watafuteni, muwaulize walipigaje kura siku basi lilipojadiliwa. Wakikosa jibu, na shule ikikataa kutoa nakala ya idhini, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa maafisa siku 21 kujibu ombi, na ukipuuzwa, mlango unaofuata ni Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ombudsman.

SWALI: Mimi ni baba kutoka Kivu, tunaishi Portland, jimbo la Maine, Marekani. Bado sijapata uraia. Wanataka kubadilisha mpango wa mabasi na wa walimu wa Kiingereza kwa watoto wetu. Je, ninaruhusiwa kusema mbele ya bodi ya elimu?

Ndiyo, baba, unaruhusiwa. Vikao vya bodi za elimu huko huwa wazi, na katika ajenda hutengwa muda wa umma kusema, mara nyingi dakika mbili au tatu kwa kila mtu. Hakuna atakayekudai uthibitisho wa uraia ili useme. Hutakiwa tu jina na pengine mtaa unaoishi. Piga simu ofisi ya wilaya ya shule siku kadhaa mapema uombe mkalimani wa Kiswahili, kwa kuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 imefasiriwa kwa miaka mingi kuwa inazitaka shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Usimtumie mtoto wako kama mkalimani. Mkiwa familia kumi, gawaneni: mmoja aseme kuhusu mabasi, mwingine kuhusu walimu, badala ya wote kurudia jambo moja hadi kengele ilie.

Kupiga kura ni habari nyingine kabisa. San Francisco iliwaruhusu wazazi wasio raia kupiga kura ya bodi ya elimu baada ya kura ya maoni ya mwaka 2016, lakini hapo Portland pendekezo la kuwaruhusu wasio raia kupiga kura za mji lilikataliwa na wapiga kura mwaka 2010. Kwa hiyo, ukiwa kwenye ofisi ya leseni ya udereva au mezani kwa vijana wanaoandikisha watu sokoni, ukiletewa fomu ya kujiandikisha kupiga kura, usiisaini hata ukiambiwa ni kawaida. Kudai kwamba wewe ni raia kabla hujawa raia, hata kwa kutoelewa fomu, kunaweza kukufungia njia ya uraia na hata kukurudisha ulikotoka. Ikiwa umekwisha kuisaini, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuwasilisha ombi lolote jingine.